Mlango wa Ensoni

Nianze na mlango wenyewe, maana waliosoma kibao ni wengi na waliouona mlango ni wachache. Ulikuwa ubavuni mwa kanisa letu la Rigena, upande wa mashariki, wanakokaa kina mama. Ulikuwa mlango mfupi wa mbao za mvule, na juu yake tao la matofali yaliyosimamishwa wima. Mtu mrefu alilazimika kuinama kidogo. Bibi yangu, Esnah Bitutu, si mrefu, kwa hiyo alipita bila kuinama, na alipita hapo kila Jumapili tangu alipoolewa mpaka siku walipouziba.

Rigena iko juu ya kilima kati ya Ikonge na Ekerenyo, na majani chai yameizunguka pande tatu. Kanisa lilitimiza miaka tisini mwaka huu. Aliyelichora ni padri Mholanzi, na sifa zote akapewa yeye, lakini udongo ulikanyagwa kwa miguu ya watu wa hapa, na matofali yalichomwa kwa risaga, ule utaratibu wetu wa kufanya kazi pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kuta zake ni nene hata mtoto anaweza kuketi dirishani akakunja miguu yote ndani. Madirisha ni membamba, yamepinda juu. Paa ni la vigae vyekundu, na dari ya mbao imejipinda kama kikapu kilichofunikwa. Ukiimba peke yako mle ndani unadhani mna kwaya nzima.

Katika mchoro wa padri mlango ulikuwa mmoja tu, ule mkubwa wa mbele. Wazee walipouona mchoro wakauliza, na wakaza wana wataingilia wapi?

Hapa sharti nieleze ensoni, na nitaeleza polepole kwa sababu kuna watu wenye digrii hawakuelewa. Kwetu Gusii, mwanamke aliyeolewa na baba mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai benchi moja, hawabanani mlangoni, na mambo ya mume na mke hayatajwi hata kwa mafumbo wakiwa wote wawili wanasikia. Baba haingii nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Si kwamba wanachukiana. Wanalindana. Na baba mkwe si mmoja. Ndugu zake wote ni baba wakwe, hata yule wa mwisho kabisa aliyezaliwa na mke mdogo. Hiyo ndiyo ensoni.

Padri alijibu kwamba nyumba ya Mungu ina mlango mmoja. Wazee hawakubishana naye. Waliacha tu udongo ukauke. Risaga ikasimama, ukuta ukabaki kimo cha goti, mvua ikaunyeshea, na padri akazunguka pale peke yake na mchoro wake mpaka akachoka. Ndipo akachukua penseli akaongeza mlango wa ubavuni. Wakauita mlango wa ensoni, na tangu siku hiyo baba wakwe wakapita mbele, wakaza wana wakapita ubavuni, wakakutana wote mbele ya altare bila mtu kumvunjia mtu heshima. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu ya kanisa iliyochorwa na watu wetu, na ndiyo nzuri kuliko zote.

Bibi aliletwa Rigena akiwa msichana, kutoka upande wa Kisii. Baba mkwe wake, mzee Obwocha, alikuwa mmoja wa wale waliochoma matofali. Bibi alichuma chai, akazaa, akalea, akafiwa na mume mapema, akaendelea kuchuma chai. Aliongoza rozari ya jumuiya kwa miaka ambayo hata yeye haikumbuki. Ana mdomo, msifikiri ni malaika. Akikukuta umekunja nne kanisani atakutazama mpaka mguu ushuke wenyewe.

Obwocha na ndugu zake wamekwisha kufa, amebaki mmoja, mzee Anyona, kitinda mimba wa mke mdogo. Huyu ni mdogo kwa Bibi. Bibi alipoolewa alimkuta akichunga ng'ombe, kaptula imetoboka nyuma. Lakini ni baba mkwe, basi ni baba mkwe. Tangu hapo Bibi humwita tata, yaani baba, na wakikutana njiani, Bibi huingia kwenye chai kidogo ampishe. Sisi wajukuu tulizoea kuwacheka, na wao walituacha tucheke, kwa sababu kati ya wajukuu na babu na bibi hakuna ensoni. Mimi naweza kumwambia Anyona neno lolote la kipuuzi na akanijibu la kipuuzi zaidi.

Sasa ikaja jubilei. Ikaundwa kamati, na mwenyekiti wake akawa Ombui, mwana wa hapa hapa aliyekulia Nairobi na ana ofisi Kisii mjini. Nitamtendea haki: si mtu mbaya. Anatoa lifti kwa wazee, na mvua ilipong'oa vigae ni yeye aliyehangaika mpaka vikarudishwa. Ila Ekegusii chake, lugha yetu, ni cha nyimbo za harusi, na kamati yake iliona kanisa la zamani ni kanisa chafu. Wakapiga plasta matofali yaliyochomwa na babu zetu, wakapaka rangi ya maziwa. Sakafu wakaweka vigae vya kuteleza, mtu akipiga magoti anaondoka kama yuko kwenye matope. Hayo yote nilinyamaza. Nilisema, ni uzuri wa macho yao.

Kisha Ombui akaja nyumbani kwa Bibi kuuliza historia. Bibi alifurahi, akamkaangia ndizi, akamweleza kila kitu kwa Ekegusii. Alipofika kwenye ule mlango akasema, "Huo ni mlango wa ensoni. Mimi nimepita hapo tangu nilipoolewa. Waliokuwa wakipita na mimi wamekufa, nimebaki peke yangu." Ombui akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa ndizi, akaenda zake.

Ensoni. Ukimuuliza mtoto wa shule atakwambia Kiswahili chake ni aibu. Na kweli, mtu akivuliwa nguo sokoni tutasema ameona ensoni. Lakini neno hilo hilo ndilo haya, ndilo heshima, ndilo kujizuia. Sisi ambao kwa lugha yetu "baba" ni mama, tungekuwa wa kwanza kujua kwamba maneno si mahindi, huwezi kuyamimina tu kutoka gunia hili hadi lile.

Baada ya wiki chache nilitoka Kisii, ninakofundisha, nikaja kumsalimia Bibi. Nikamkuta ameketi jikoni mchana kweupe, jambo ambalo si lake. Akaniambia, "Cynthia, nenda kanisani ukasome, kisha urudi uniambie kama nilisoma vibaya."

Nilienda. Mlango haukuwapo. Mahali pake palikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa, na kibao cha marumaru chenye herufi za dhahabu: MLANGO WA AIBU. HAPA WALIPITISHWA WANAWAKE WALIOTENGWA KWA DHAMBI ZA NDOA. UMEFUNGWA MWAKA WA JUBILEI KUWA ISHARA YA HURUMA YA MUNGU. Na kwenye kijitabu cha jubilei, kilichokuwa kimegawiwa parokia nzima, waliongeza kwamba mwanamke wa mwisho aliyepitia mlango huo bado yu hai.

Nani asiyejua ni nani? Kila mtu Rigena amemwona Bibi akiingia pale!

Nilisimama mbele ya marumaru ile nikaisoma mara ya pili, na sioni haya kusema nilikuwa na hasira. Mwanamke aliyefiwa akiwa kijana, akakataa kila aliyebisha hodi, akalea watoto kwa kikapu cha chai, leo amechongwa ukutani kuwa malaya aliyesamehewa. Na aliyemchonga alikula ndizi zake.

Nilimkuta Ombui chini ya hema akipanga viti. Nikamwambia ensoni si aibu. Akanijibu kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi. "Madam, tusipake historia mafuta. Zamani wanawake walionewa hapa, na sisi tunakubali. Hata wewe kama mwanamke ungefurahi."

"Nani alikwambia walionewa?"

"Bibi yako mwenyewe. Alisema mlango wa aibu."

"Alisema ensoni."

"Si ndiyo hiyo?"

Nikaenda kwa Padri. Padri wetu si wa Gusii, ni kijana mwenye moyo safi, na alikuwa amekwisha kwenda kumtembelea Bibi. Alikwenda kumfariji! Alimshika bega akamwambia, "Mama, usijali ya zamani. Mungu alishakusamehe." Drusilla, katibu wa jumuiya, alikuja siku ile ile na sauti ya sukari, akasema, "Mama, umechoka, wacha wengine waongoze rozari mpaka jubilei ipite." Wanawake aliowafundisha kushika rozari ndio walipewa kuiongoza. Padri alinisikiliza, akaahidi kulipeleka jambo kwenye kamati. Kamati ni Ombui.

Mlango ukiwa umezibwa, Bibi alianza kungoja nje, nyuma ya mti, mpaka Anyona aingie na kuketi, ndipo naye apite mlango mkubwa. Alifika Misa ikiwa imeanza. Akakemewa kwa kuchelewa.

"Sema basi!" nilimwambia. "Simama kanisani uwaambie."

Alinitazama kama anatazama mtoto aliyemwaga maziwa. "Niwaambie nini? Kwamba mimi sikuzini? Tata ameketi pale benchi la mbele. Nikilitaja neno hilo akisikia, nitakuwa nimebomoa kila kitu nilichokitunza tangu nije hapa. Wameniibia jina, na ufunguo wa kulirudisha ni kuivunja ensoni."

Nikashuka kwa Anyona. Nilimkuta anapogoa chai. Nikamtania kidogo, akanitania, kisha nikamwambia aseme yeye, maana ni mwanamume na ni mwana wa waliojenga. Akaacha kupogoa.

"Mjukuu, nimekisoma hicho kibao. Nimekisoma mara nyingi. Sasa nisimame mbele ya watu niseme mke wa mwana wetu si kahaba? Kulisema tu ni kumvua nguo. Afadhali nikatwe ulimi."

Ndivyo walivyofungwa wote wawili, kila mmoja kwa heshima ya mwenzake, na waliowafunga wakaitwa wenye huruma. Sijui kama nimewahi kuona kitu cha kuudhi kuliko hicho.

Siku ya jubilei ilijaa watu. Mahema yalipangwa uwanjani, vipaza sauti vikafungwa juu ya miti, na Monsinyori mmoja alikuja kuongoza Misa. Katika ratiba niliona kitu kilichonifanya nishike mkono wa Bibi: baada ya kusomwa historia, mwanamke wa mwisho wa Mlango wa Aibu ataitwa mbele, na kanisa litampokea kwa kumkumbatia.

"Turudi nyumbani," nikamwambia.

"Nikirudi watasema nimekubali."

Tuliketi upande wa kina mama, karibu na ukuta ule. Anyona alikuwa benchi la mbele, walikowekwa wana wa wajenzi, na koti lake la kijivu na kofia magotini. Ombui akasoma. Alisoma vizuri, sauti anayo. Alisoma juu ya padri Mholanzi, juu ya kengele, juu ya vigae. Akafika kwenye mlango, akasoma kama ilivyoandikwa, kisha akainua macho akatabasamu.

"Mama Bitutu, njoo mbele. Leo kanisa lako linakupokea."

Watu wakapiga makofi. Bibi akasimama, lakini hakutoka kwenye benchi. Aliangalia chini. Ombui akaita tena. Kina mama wa nyuma wakaanza kupiga vigelegele vya kumtia moyo. Laiti wangejua!

Ndipo Anyona akainuka. Alivaa kofia yake ndani ya kanisa, yeye ambaye hajawahi, akapita katikati bila kuangalia upande wa kina mama, akatoka kwa mlango mkubwa.

Ombui akacheka kwenye kipaza sauti, kicheko cha kulainisha mambo. "Wazee wetu bado wanaona aibu na haya mambo." Kanisa zima likacheka.

Bibi hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nenda mlangoni. Uone anaenda wapi."

Nikatoka nikaangalia. Anyona hakusimama chini ya mahema. Alipita mahema yote, akapita miti yenye vipaza sauti, akashika njia ya kuteremka kwenda kituo cha kupimia majani chai, kule barabarani. Aliketi kwenye benchi la kituo, mgongo kwetu. Nikarudi.

"Yuko kwa kituo."

"Hizi spika zinafika huko?"

"Hazifiki, Bibi."

Basi akatoka kwenye benchi. Alitembea mpaka mbele, Ombui akafungua mikono amkumbatie, Bibi akampita akachukua kipaza sauti kutoka kwenye kishikio chake. Akakipuliza kwanza, kama anapuliza chai moto.

"Kiswahili yangu ni ya soko," alisema. "Lakini hii kitu mmeandika na Kiswahili, kwa hivyo nitajibu na Kiswahili, ndio hata Padri asikie. Mkwe wangu ameenda mbali. Mmemcheka. Hakuenda juu ya aibu. Ameenda ndio mimi nipate mdomo, kwa sababu akiwa hapa siwezi sema yenye nataka kusema."

"Mimi sijazini. Niliolewa msichana. Nilizaa na bwanangu, watoto ni wake. Akakufa, na sikuenda kwa mwingine, na si ati hawakukuja. Wengine wamekaa hapa." Mtu mmoja akakohoa. "Hiyo mlango hakuna mtu alinipitisha. Nilipita mwenyewe. Ilijengwa juu yangu, kabla sijazaliwa, ndio nikuje kwa Mungu na nisikosee mkwe wangu heshima. Wazee walikataa kukanyaga udongo mpaka ijengwe. Nyinyi mmeifunga kwa wiki moja."

Akageuka kumtazama Ombui.

"Aibu ni ya mtu amefanya mbaya. Ensoni ni ya mtu hajafanya na hataki kufanya. Wewe ulikula kwangu, nikakuambia. Kama hukuelewa si ungeuliza?"

Ombui alifungua mdomo. "Mama, ilikuwa tu tafsiri..."

"Sijamaliza." Akamgeukia Padri. "Padri, uliniambia Mungu amenisamehe. Hiyo dhambi ni nani alimpelekea?"

Padri aliinamisha kichwa. Bibi akarudisha kipaza sauti kwenye kishikio, akakiweka sawasawa, akarudi kwenye benchi letu. Hakuna aliyepiga makofi, na nawashukuru kwa hilo. Drusilla, aliyekuwa benchi la nyuma yetu, alikuwa analia kwenye kitambaa. Sikumhurumia. Nasema ukweli, sikumhurumia hata kidogo, na pengine mpaka leo.

Monsinyori alisimama akasema kibao kitolewe, na kwamba Misa iendelee. Ombui aliketi mwishoni mwa benchi na karatasi zake za historia magotini, hakuzifungua tena. Kibao kilitolewa kweli, wiki iliyofuata. Lakini mlango haukufunguliwa. Fundi alisema ukuta umekwisha pigwa plasta, kamati ikasema tutaangalia, na tutaangalia hii ya kamati tunaijua. Palipokuwa na tao la matofali pana doa la mraba ambalo rangi yake haikufanana na nyingine.

Siku ile, kabla ya komunio, nilishuka kilimani kumwita Anyona. Nilimkuta pale pale kituoni, mikono juu ya fimbo, anaangalia barabara. Aliposikia hatua zangu hakugeuka.

"Amemaliza?"

"Amemaliza, sokoro," nikamjibu, yaani babu.

"Ameketi?"

"Ameketi."

Akasimama, akavua kofia, akapangusa koti, akaanza kupanda kilima nami nyuma yake. Nilingoja aniulize Bibi alisema nini. Kilima ni kirefu, na alipumzika njiani, na tuliongea juu ya chai na juu ya mvua. Hakuuliza. Ni miezi sasa, na hajauliza.